Je, wajua mtoto mwenye tatizo la lugha hujifunzaje neno "subira"?

Ndoo inaonyeshwa kwa kidole. Dagaa wanashikwa, wananuka, wanaliwa. Lakini "haki" utaionyesha wapi? Maneno ya namna hii humchelewea mtoto yeyote, na wengi hudhani mtoto mwenye tatizo la ukuaji wa lugha hayawezi kabisa. Hilo ni tatizo la kushindwa kushika lugha kama wenzake, ingawa anasikia vizuri. Si uvivu, wala mama hakukosea malezi. Uchunguzi mmoja wa Uingereza wa mwaka 2016 uliwakuta watoto wapatao 7 katika kila 100 wanaoanza shule wakiwa nalo.

Mwaka 2018 watafiti Marta Ponari, Courtenay Norbury na Gabriella Vigliocco, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo yaliyonigusa. Watoto hao walikuwa nyuma ya wenzao, ndiyo, lakini pengo lao kwenye maneno ya mawazo halikuzidi lile la maneno ya vitu. Kwa hiyo ukimnyima "ahadi" na "haki" ukimbakizia "kijiko" na "kiti", unamwonea bure.

Maneno ya mawazo humwingia mtoto kwa milango miwili. Mmoja ni sentensi: ukisikia "nakuahidi kwamba", unajua kinachofuata si kitu cha kushika. Kiswahili kina msaada wake pia, ile U ya rafiki na urafiki, mvivu na uvivu. Ila kwa mtoto huyu viungo vidogo vya lugha ndivyo vinavyoteleza, kwa hiyo anahitaji kuvisikia mara nyingi zaidi. Mlango wa pili ni hisia: watoto wa miaka 8 na 9 wasio na tatizo hilo walionekana kuyajua vizuri zaidi maneno ya mawazo yanayobeba hisia nzuri kuliko yasiyobeba hisia.

Kule Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, namfahamu mvulana wa miaka 9 aliyechelewa sana kusema. Siku moja mvua iliwakuta dagaa wamekwisha kuanikwa. Alilia. Bibi yake akavuta turubai, akamkalisha ubavuni: "Subira, mjukuu wangu. Jua litarudi. Tuwe na subira."

Kesho yake wingu likatanda tena. Safari hii hakulia. Alishika pembe ya turubai, akatazama ziwani, kisha akasema, "Bibi, dagaa subira."

Bibi hakumcheka wala hakumkosoa. "Ndiyo, mjukuu wangu," alimjibu polepole, "dagaa wanataka subira."