Gesi ya AC ya gari haiishi

"AC haipozi." "Gesi imeisha hiyo, tuongeze." Ukikaa gereji asubuhi moja utayasikia hayo hata mara tano, na kinachokera ni hilo neno "imeisha".

Gesi ya AC ni kitu kinachozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa (pampu yake) inaikandamiza, inageuka kimiminika kwenye kondensa (koili ya kutolea joto) iliyo mbele ya rejeta, kisha inachemka kuwa mvuke kwenye koili iliyo ndani ya dashibodi, na huko kuchemka ndiko kunakofyonza joto la mle ndani. R134a, aina ya gesi iliyo kwenye magari mengi ya mitumba, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kazi yake ni hiyo tu: kuzunguka na kufyonza joto.

Kosa limeanzia kwenye jina. "Gesi" ni neno la karne ya 17, lililobuniwa na Van Helmont wa Brussels kutoka Kigiriki khaos, na sisi tukalipata kupitia Kiingereza. Kwetu likahamia jikoni. Gesi ya jikoni huungua, mtungi ukawa mwepesi, ukaununua mwingine. Basi mtu akadhani ya gari nayo hutumika vivyo hivyo. Hata wanaosema "frioni" hawajapona: hilo lilikuwa jina la biashara la DuPont, na gesi ya magari ya zamani ilikuwa R12, iliyoondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni.

Gesi ya AC haichomwi wala hailiwi. Mipira ya hosi hupitisha gramu chache kwa mwaka, si zaidi. Ikipungua mpaka AC isipoze, imevuja. Na inapovuja hutoka na oili ya kompresa, kwa hiyo tafuta doa la mafuta lililoshika vumbi: kwenye maungio yenye oringi (pete za mpira), kwenye kondensa iliyopigwa kokoto, nyuma ya klachi ya kompresa, na kwenye valvu za kujazia (vile vifuniko vyake vya plastiki, ambavyo havionekanagi tena baada ya huduma ya kwanza, navyo huzuia uvujaji).

"Kuongeza kidogo" kwa kutazama geji ya presha ndiko kunakoua kompresa. Gari likiwa limezimwa kwenye nyuzi 30, geji itasoma karibu psi 97 iwe zimebaki gramu 250 au 500, maana kimiminika kikiwemo ndani, presha hufuata joto, si kiasi. Ukizidisha, upande wenye presha kubwa hupanda zaidi na ubaridi hupungua. Ikipungua mno, swichi ya presha huikata kompresa isikose oili. Fundi anayeunganisha waya za swichi hiyo moja kwa moja ameshaiua kompresa yako.

Kinachotakiwa ni kuitoa gesi yote kwa mashine, kuziba panapovuja, kubadilisha draya (kichujio kinachonyonya unyevu) mfumo ukifunguliwa, kupiga vakyumu (kunyonya hewa yote) nusu saa, kufunga valvu na kuangalia kama mshale wa geji unatulia dakika 15, kisha kupima kwa mizani gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Kwa hiyo, ndugu, ukifika gereji usiseme "niongezee gesi". Sema: "AC haipozi, niangalizie inavujia wapi."