Je, wajua simu inawezaje kuutambua ugonjwa wa mhogo kwa kulitazama jani lake tu?

Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea anaweza kulipalilia shamba lake la mhogo msimu mzima, akaliona limestawi, kisha siku ya kung'oa akakuta mihogo ina mabaka makavu ya rangi ya kahawia ndani yake, hailiki, haifai kwa makopa wala haiuziki. Huo ni ugonjwa wa michirizi kahawia, ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na watafiti wa kituo cha utafiti cha Amani, wakati nchi ikiitwa Tanganyika, na ambao hadi leo unawatesa wakulima wa pwani yetu. Ugonjwa mwingine, batobato, hujionyesha wazi kwa kuyakunja majani na kuyatia madoa ya njano, lakini michirizi kahawia huanza kwa dalili hafifu mno: umanjano kidogo kando ya mishipa ya majani ya chini, ambayo mtu huyaona yamezeeka tu. Magonjwa yote mawili husambazwa na nzi weupe na kwa kupanda pingili zilizokatwa kwenye mmea mgonjwa, na hakuna dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kuambukizwa. Ndiyo maana kuujua ugonjwa mapema, kabla ya kugawiana mbegu na jirani, ni jambo lenye uzito mkubwa.

Hapo ndipo simu ilipoingia. Ipo programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto. Mkulima huielekeza kamera kwenye jani, na programu humweleza kwa Kiswahili kama jani hilo lina dalili za batobato, za michirizi kahawia au za kushambuliwa na utitiri, tena hata pale ambapo simu haina mtandao. Namna inavyoweza kufanya hivyo inastahili kueleweka vizuri, kwa sababu akili mnemba (AI, yaani uwezo wa kompyuta kujifunza kwa mifano) inayolisoma jani hilo ndiyo hiyo hiyo inayoanza kuingia hospitalini, viwandani na shuleni, na atakayeielewa kwenye jani ataielewa kwingine kote.

Simu hailioni jani kama tunavyoliona sisi. Picha ndani ya simu ni jedwali la nukta, na kila nukta ina namba tatu, moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu, kila moja ikianzia 0 hadi 255. Picha ndogo yenye nukta 224 kwa 224, kipimo kinachotumika sana katika kazi hizi, ina nukta 50,176 na kwa hiyo namba 150,528. Swali zima la ugonjwa linageuka kuwa swali la hesabu: ni mpangilio gani wa namba hizo unaoambatana na jani gonjwa, na ni upi unaoambatana na jani zima?

Hakuna mhandisi anayekaa na kuuandika mpangilio huo kwa mkono, maana majani hayafanani, jua halifanani, na vivuli vya asubuhi si vivuli vya alasiri. Badala yake hutengenezwa mfumo wa hesabu wenye tabaka nyingi. Tabaka za mwanzo hushughulika na mambo madogo kama kingo na mabadiliko ya rangi, za katikati huyaunganisha mambo hayo kuwa madoa, mistari na mikunjo, na za mwisho hutoa uamuzi. Mwanzoni mfumo haujui chochote. Huonyeshwa picha ambayo mtaalamu ameshaitambua, ukakisia, ukapimwa umekosea kwa kiasi gani, kisha mamilioni ya namba zilizomo ndani yake hurekebishwa kidogo kidogo kuelekea jibu sahihi. Kazi hiyo hurudiwa maelfu kwa maelfu ya mara, kama mtoto anayefuatana na bibi yake porini kuchimba ming'oko, viazi vya porini, hadi siku moja anautambua mmea wenyewe bila kuelezwa alama zake. Njia hii ilianza kuaminiwa sana duniani baada ya mwaka 2012, pale mfumo wa namna hiyo ulipoyashinda kwa mbali mashindano makubwa ya kompyuta kutambua picha.

Kufundisha huko huhitaji kompyuta zenye nguvu na umeme mwingi. Hata hivyo, mafunzo yakishakamilika, kinachobaki ni faili la namba ambalo linaweza kupunguzwa hadi likatosha ndani ya simu ya kawaida. Ndiyo sababu mkulima aliye katikati ya shamba kule Liwale, mahali pasipo na mnara wa karibu, anaweza kupata jibu papo hapo: mafunzo yalifanyika mbali, lakini hesabu ya kuamua inafanyika mkononi mwake. Kwangu mimi, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika teknolojia hii, kwa kuwa ujuzi uliokuwa ukimngoja afisa ugani mmoja anayehudumia vijiji kadhaa sasa unaweza kufika shambani kabla yake.

Lakini uwezo huo una mpaka ambao wasifiaji wa teknolojia hawausemi mara nyingi. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya mfumo uliofundishwa kwa picha 54,306 za majani ya mazao 14 yenye magonjwa 26. Ulipojaribiwa kwa picha ambazo haukuwahi kuziona, lakini zilizotoka katika mkusanyiko huo huo, ulipatia kwa asilimia 99.35. Walipouletea picha zilizopigwa kwingine, katika mazingira tofauti, usahihi ukaporomoka hadi asilimia 31 hivi. Majani ya mafunzo yalikuwa yamechumwa na kulazwa mahali safi, moja moja, chini ya mwanga mzuri, ilhali majani ya shambani yamepandana, yana vumbi, na nyuma yake kuna udongo, magugu na majani mengine. Tena katika mazao yale 14 walikuwamo tufaha, zabibu, viazi mviringo na nyanya, lakini hawakuwamo mhogo wala korosho. Mashine haikuwa na kosa, kwani ilijua kile tu ilichoonyeshwa.

Waliotengeneza mfumo wa mhogo walilizingatia jambo hilo. Walikwenda mashambani katika pwani ya Tanzania wakapiga picha majani yakiwa kwenye mimea yake, na mwaka 2017 walieleza kwamba mfumo waliofundisha kwa picha hizo ulifikia usahihi wa jumla wa asilimia 93. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha Nuru na watu: programu ilipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Ilipotazama majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, usahihi wake ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Namba za wakulima zisisomwe kama dharau kwao, kwa sababu zinaonyesha jinsi dalili hizo zinavyojificha, na kwamba hata wataalamu walikosea karibu nusu ya mara. Mkulima anayetumia programu hii basi asiishie kwenye jani moja, na asing'oe shamba zima kwa jibu la simu peke yake.

Kwa Mtwara na Lindi swali linalofuata ni la korosho. Kusini hatuhitaji kuelezwa kwamba ugonjwa wa mmea unaweza kubadili maisha ya watu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho, na kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwamo kuhamishiwa vijijini, ambako kuliwaweka wakulima mbali na mikorosho yao, na bei ndogo, lakini ubwiriunga, ugonjwa unaoyafunika maua na machipukizi kwa unga mweupe, ulikuwa mojawapo ya sababu kubwa. Ulidhibitiwa kwa salfa na kwa utafiti wa miaka mingi wa kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Leo mikorosho inakabiliwa pia na magonjwa ya blaiti, chule na mnyauko fuzari, na wadudu waitwao mbu wa mikorosho.

Mwaka 2023 watafiti wa Ghana waliweka wazi mkusanyiko wa zaidi ya picha 24,000 za mkorosho, mhogo, mahindi na nyanya, kazi kubwa na ya kuheshimiwa. Kwa upande wa mkorosho waliainisha chule, ugonjwa wa kutoa gundi, kutu nyekundu, mdudu anayechimba ndani ya jani, na jani lisilo na ugonjwa. Ubwiriunga haumo, wala mbu wa mikorosho hayumo. Mfumo utakaofundishwa kwa picha hizo pekee, ukiletwa Newala mwezi wa Julai na kuonyeshwa ua lililofunikwa na unga mweupe, utalazimika kuchagua mojawapo ya majina unayoyajua, nao utakosea huku ukionyesha kuwa na uhakika.

Hivyo ndivyo teknolojia hii itakavyogusa maisha yetu kwingineko pia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kusoma picha za eksirei za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, na njia yake ni ile ile ya namba na tabaka. Programu za kusikiliza sauti hujifunza kwa rekodi za wasemaji, na Kiswahili kimeshaingia katika mikusanyiko ya wazi ya sauti duniani, lakini bibi wa Kitangari anayesema Kimakonde, au mzee wa Ruangwa anayesema Kimwera, hataeleweka vizuri mpaka sauti za kutosha za watu wa kwao zirekodiwe. Viwandani, mashine zenye kamera tayari huchambua korosho zilizobanguliwa kwa rangi, kazi ambayo hapa kwetu imekuwa ikifanywa kwa mikono ya akina mama. Mabadiliko hayo yatawapunguzia baadhi yao kazi ngumu na yatawanyima wengine mshahara, na wanastahili kuambiwa mapema na kufundishwa kazi nyingine, hasa kama tunataka korosho nyingi zaidi zibanguliwe hapa badala ya kusafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam.

Kwa mkorosho, kazi inayohitajika inajulikana. Ubwiriunga hushambulia machipukizi, maua na korosho changa, kwa hiyo picha za majani yaliyokomaa hazitoshi. Zinatakiwa picha za mashada ya maua, zilizopigwa kati ya Juni na Septemba, kwa simu za aina wanazotumia wakulima wenyewe, asubuhi yenye umande na mchana wa jua kali, katika miti iliyopuliziwa salfa na ambayo haijapuliziwa. Kila picha inapaswa kupitiwa na mtu anayeijua mikorosho kabla ya kupewa mashine, na Naliendele wapo watu hao. Vyama vya msingi vya ushirika navyo vimeenea vijijini na wanachama wake hupita katika mikorosho yao mara kwa mara msimu wa kupulizia, kwa hiyo picha zinaweza kukusanywa kupitia kwao, wakulima wakielezwa kwanza zitatumikaje na nani atazitunza.