Msimu wa gofu 2026: ninaowapa nafasi, na kwa nini naangalia vyuma kabla ya dreva

Msimu ukikaribia, swali kwenye uwanja wa mazoezi huwa moja: "Mwalimu, mwaka huu nani?" Anayeuliza mara nyingi ana dreva mkononi, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, na jibu lake analo moyoni: yule anayepiga mbali kushinda wote. Mimi humwomba airudishe dreva kwenye begi kwanza, tuzungumze habari za vyuma, zile fimbo za umbali wa kati.

Sababu ninayo. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alichambua mikwaju ya wachezaji wa PGA Tour, ligi ya gofu ya kulipwa ya Marekani, akakuta kwamba kinachowatenga walio bora na wenzao wa kawaida ni mikwaju ya kuingilia grini, ule uwanja laini wenye shimo, kuliko kitu kingine chochote. Mchango wa mikwaju hiyo ni karibu asilimia 40, na wa kuputi, yaani kuusukuma mpira shimoni ukiwa juu ya grini, ni kama asilimia 15. Wazee wa mchezo walibisha sana, maana tumelelewa na usemi kwamba dreva ni ya maonyesho na puta ndiyo ya pesa. Lakini hesabu hizo zinalingana na ninachokiona kila wiki: mwanachama anarudi analalamikia puti zake, nikimuuliza alikuwa anaputi kutoka wapi, ananiambia futi 40, futi 50. Kutoka huko, hata bingwa wa dunia anaomba tu mpira ukae jirani na shimo.

Kwa hiyo utabiri wangu huanzia kwa Scottie Scheffler, ambaye kwa vyuma amekuwa juu ya wenzake kwa misimu kadhaa. Masters anayo mara mbili, 2022 na 2024. Mwaka jana aliongeza PGA Championship pale Quail Hollow, kisha The Open pale Royal Portrush. Imebaki U.S. Open tu akamilishe mashindano makubwa yote manne.

Tatizo ni kwamba wanafunzi wangu wanamwiga pasipoigika. Wanamwona miguu yake inateleza na kuzunguka anapomalizia mkwaju, nao wanateleza. Miguu ile ni matokeo ya mwili wake mrefu na kasi yake, usiiguse. Iga mikono. Scheffler hupashia mwili moto kwa fimbo yenye mshikio uliotengenezwa kwa umbo la vidole, kifaa wanachopewa watoto na wanaoanza kujifunza. Mchezaji namba moja duniani anakagua jinsi anavyoshika fimbo kila siku, na wewe mwenye hendikepu ya 22, yaani unayepewa mikwaju 22 ya nyongeza, hujakagua tangu ulipoanza kucheza!

Tukague sasa. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, fimbo ilale kwenye mizizi ya vidole vya mkono wa kushoto, isizame kiganjani. Ukiinamisha macho, uone vifundo viwili vya mkono huo, pengine vitatu. Ule mfereji kati ya kidole gumba na cha shahada uelekee bega la kulia. Mkono wa kulia ufunike gumba la kushoto, uelekeo wake uwe ule ule. Ukiona kifundo kimoja tu, au huoni hata kimoja, nakuambia hata kabla hujapiga kwamba mpira wako unajipinda kulia. Mpira huanza safari kuelekea kule uso wa fimbo unakotazama wakati wa kugusana, halafu hujipinda kutokana na tofauti kati ya uso huo na njia fimbo inayopita. Mshiko wa namna hiyo huacha uso wa fimbo ukitazama kulia. Mwenye shida hiyo hujitibu kwa kulenga kushoto zaidi, fimbo ikazidi kukata kutoka nje kuja ndani, na mpira ukajipinda zaidi ya jana. Nimeona watu wazima wakiishi hivyo miaka.

Tuje Augusta, uwanja wa Masters. Rory McIlroy ndiye aliyevaa koti la bingwa mwaka 2025, na ile Jumapili ya Aprili 2025 sitaisahau. Tuliitazama klabuni, viti havikutosha. Alipofika shimo namba 13, ameshaweka mpira mahali salama, amebakiza mkwaju mwepesi tu wa weji, fimbo ya mikwaju mifupi, kuingia grini pana, akautia kijitoni. Mzee mmoja mwanachama alisimama, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi na kukataa kurudi, tukawa tunamtumia habari mlangoni kama watoto. Namba 15 McIlroy akapinda chuma kuzunguka miti mpaka futi chache kutoka shimoni, akakosa puti. Namba 17 puti ikaingia. Namba 18 akakosa ya kushinda, akafungana na Justin Rose, wakarudi shimo la 18 kuamua mshindi, na safari hii weji yake ikakaa karibu kabisa na bendera. Akawa mtu wa sita kukamilisha mashindano yote manne, baada ya Sarazen, Hogan, Player, Nicklaus na Woods.

Jambo ninalowarudia wanafunzi kuhusu wiki ile ni hili: McIlroy alipata mikwaju miwili juu ya pa, ile idadi ya mikwaju iliyowekewa shimo, mara nne ndani ya siku nne, na hakuna bingwa wa Masters aliyewahi kufanya hivyo na bado akashinda. Nawaambia hivyo kwa sababu mtu wa klabu akiharibu shimo la pili, raundi nzima ameshaitupa. Anaanza kulazimisha shimo la tatu lirudishe alichopoteza la pili.

Je, atatetea? Kabla ya msimu huu waliofaulu kutetea Masters ni watatu tu: Nicklaus, Faldo na Woods. Mimi Augusta nampa Ludvig Åberg. Mara yake ya kwanza kucheza pale, 2024, alimaliza wa pili, na mpira wake wa vyuma unapanda juu na kushuka kwa utulivu, jambo ambalo grini zile zinalidai.

Kabla hatujaondoka Augusta, tazama namba 12. Ni pa 3 ya yadi 155 tu, kijito cha Rae's Creek mbele, grini nyembamba iliyolazwa kimshazari. Mwaka 2016 Jordan Spieth alikuwa anaongoza, akatia mipira miwili majini, akaandika 7. Mwaka 2019 Francesco Molinari alikuwa anaongoza, naye majini. Tiger Woods, aliyekuwa naye kundi moja, akalenga juu ya bunka ya katikati, ule mtego wa mchanga, mbali na bendera, akaputi mara mbili, akaondoka na pa yake na mwishowe akavaa koti la tano. Halafu Woods huyo huyo, mwaka uliofuata, akaandika 10 pale pale. Shimo halibebi heshima ya mtu.

Wewe kwenye klabu yako una namba 12 yako. Kila uwanja unayo. Bendera ikiwa imekaa upande wa maji au wa bunka, sahau bendera, lenga katikati ya grini, na chukua fimbo inayofikisha mpira katikati, si mwanzoni. Wachezaji wa klabu hukosea kwa kupungukiwa zaidi kuliko kupitiliza, na sababu yake ni kwamba hawajui umbali wao. Ukimuuliza mtu chuma namba 7 anapiga yadi ngapi, anakutajia ule mkwaju mmoja wa siku ya jua, upepo ukiwa nyuma na ardhi kavu. Fanya hivi: piga mipira kumi kwa fimbo moja, tazama kila mmoja unatua wapi, si unapobingirikia. Toa miwili iliyokwenda mbali zaidi na miwili iliyoharibika, kisha angalia hiyo iliyobaki imelundikana wapi. Hapo ndipo penye umbali wako. Andika kwenye kadi, ibandike ndani ya begi.

Na wakati upo hapo, chukua kalamu ya ubaoni, chora nukta nene nyuma ya mpira, upande utakaogongwa. Piga. Nukta itabaki imejichapa kwenye uso wa fimbo na kukuambia ulipogusia. Mwanafunzi mmoja aliniapia kwamba fimbo zake zimechoka, anataka seti mpya. Tukachora nukta, zote zikajipanga karibu na ncha ya fimbo, hakuna hata moja katikati. Tukamsogeza karibu na mpira upana wa kidole kimoja tu. Nukta zikarudi nyumbani, na sauti ya kugonga ikabadilika kiasi kwamba jirani yake aligeuka kutazama. Seti mpya hakununua, na duka letu likakosa biashara.

PGA Championship mwezi Mei ni Aronimink, Pennsylvania, uwanja uliosanifiwa na Donald Ross. Mara ya mwisho kuchezwa pale ilikuwa 1962, Gary Player akashinda. Nampa Xander Schauffele. Tuendelee.

Juni ndiyo ninaingojea. U.S. Open inarudi Shinnecock Hills, uwanja wa wazi wenye upepo. Mwaka 2004 grini zilikauka mpaka siku ya mwisho wakawa wanamwagia maji namba 7 katikati ya mchezo. Mwaka 2018 Brooks Koepka alishinda kwa mkwaju mmoja juu ya pa, na aliyebaki nyuma yake kwa mmoja alikuwa Tommy Fleetwood, aliyepiga 63 Jumapili. Kwenye namba 18 Fleetwood alikuwa na puti ya futi nane au tisa kwa ajili ya 62. Ikakosa. Watu walisema alitetemeka. Wachezaji wa PGA Tour kutoka futi 8 huingiza karibu nusu tu ya puti zao. Ile ilikuwa ni sarafu imerushwa juu, ikaangukia upande mwingine. Kumbuka hilo unapoitupa puta yako kwa hasira baada ya kukosa kutoka futi 10.

Shinnecock nampa Scheffler. Jumapili ya mwisho ni tarehe 21 Juni, siku anayotimiza miaka 30, na taji ndilo pekee lililobaki. Hadithi imekaa tamu mno, na utabiri mtamu huwa unanitia wasiwasi, lakini sina namna ya kumkwepa mtu mwenye vyuma vile kwenye uwanja unaodai vyuma.

Upepo wa Shinnecock unanikumbusha jambo moja. Ukipulizwa usoni, usipige kwa nguvu. Nguvu huongeza mzunguko wa mpira, mzunguko huupandisha, na ukishapanda upepo unaumeza. Chukua fimbo ndefu kwa namba mbili kuliko ya kawaida, shika chini kidogo kwenye mshikio, sogeza mpira nyuma kidogo kati ya miguu, kisha piga kwa robo tatu na umalizie mikono ikiwa chini. Upepo wa mbele unakupokonya zaidi ya unavyokupa upepo wa nyuma, kwa hiyo usizipe pande hizo mbili hesabu sawa.

Julai, The Open iko Royal Birkdale, na hapo namweka Fleetwood. Amezaliwa Southport, mji wenye uwanja huo, na tangu Agosti 2025 aliposhinda Tour Championship pale East Lake, taji lake la kwanza la PGA Tour, ule mzigo wa "karibu apate" umeshuka begani.

Birkdale kwangu ni shimo la 13 la mwaka 2017. Spieth alipiga mpira ukaenda kulia mno, juu ya kilima, kwenye majani mazito. Wengi wangejaribu kuufyeka. Yeye akatangaza mpira hauchezeki. Kanuni ni adhabu ya mkwaju mmoja na njia tatu: urudi ulikopigia, udondoshe ndani ya urefu wa fimbo mbili kando ya mpira, au urudi nyuma kadiri utakavyo, mradi mahali mpira ulipokuwa pabaki kati yako na shimo. Alirudi nyuma mpaka akafika uwanja wa mazoezi, katikati ya malori ya vifaa, maana hapo palikuwa bado ndani ya mipaka. Karibu nusu saa ilipita. Akaandika 5, mkwaju mmoja tu juu ya pa, kisha kwenye mashimo manne yaliyofuata akapata mikwaju mitano chini ya pa na kuondoka na kombe. Watu humsifu kwa mikwaju ile ya mwisho. Mimi nasifu kwamba alijua njia ya tatu ipo. Waulize wenzako klabuni, wengi wanazijua mbili.

Pale pale Birkdale, kwenye Ryder Cup ya 1969, mashindano ya timu kati ya Marekani na Uingereza, Jack Nicklaus alimwachia Tony Jacklin puti fupi ya mwisho bila kumlazimisha aipige, na mashindano yakaisha sare 16 kwa 16. Wachezaji wangu wa mechi za klabu ningependa waige, ingawa baadhi yao wanadai hata puti ya inchi sita ipigwe.

Kwa wanawake, Jeeno Thitikul wa Thailand ataingia kwenye mashindano makubwa bila kuwa ameshashinda hata moja. Septemba iliyopita alitumia puti nne kwenye shimo la mwisho akampa Charley Hull ushindi, na Novemba akatetea taji lake la mwisho wa msimu kana kwamba hakuna kilichotokea. U.S. Women's Open iko Riviera mwanzoni mwa Juni, na Women's Open iko Royal Lytham. Natabiri anapata mojawapo. Nikilazimishwa kuchagua, Riviera.

Presidents Cup mwezi Septemba pale Medinah, Marekani watashinda. Timu ya Kimataifa imewafunga mara moja tu, 1998, na sioni wapi watapata wachezaji sita wa kuaminika katika mikwaju ya kupokezana.