Upasuaji wa kupunguza uzito: maswali mnayoniuliza kliniki, na hili la kuacha dawa

Mimi ni mhudumu kwenye kliniki ya presha na sukari hapa Mtwara, na siku hizi kila kliniki lazima atokee mtu wa kuniulizia habari za kupunguzwa tumbo ili apungue mwili. Wanatoka Masasi, Newala, Tandahimba, wengine Lindi. Maswali ni ya maana na nayajibu hapa. Ila kuna jambo moja nitalirudia mpaka lieleweke, kwasababu ndio linatuletea watu wakiwa wamebebwa: mtu akishaamua kwamba atafanyiwa upasuaji, dawa zake za presha na sukari anaziacha siku hiyohiyo. Jamani, hapana.

Huo upasuaji wenyewe ni wa nini hasa?

Wanapunguza mfuko wa chakula ili ushibe haraka na njaa ipungue. Aina kubwa ni mbili. Ya kwanza wanakata na kutoa kama asilimia 75 mpaka 80 ya mfuko, inabaki sehemu nyembamba. Ya pili wanatenga kifuko kidogo cha kama mililita 30 kule juu, wanakiunganisha na utumbo mdogo, chakula kinaruka sehemu ya njia yake ya kawaida. Zote kwa kawaida zinafanyika kwa matundu madogo na kamera.

Puto ni kitu kingine, huo sio upasuaji, linaingizwa kupitia mdomoni, linakaa miezi 6 au mwaka kutegemea na aina, alafu linatolewa. Mloganzila pale Dar wanaweka.

Na hakuna hata kimoja hapo cha kukata nyama za kitambi wala kunyonya mafuta, wengi mnadhani ni hivyo.

Mimi ni mnene, nitajuaje kama nafaa?

Zidisha urefu wako wa mita kwa urefu huohuo, alafu chukua uzito wako kwa kilo ugawanye kwa jibu hilo. Dada mwenye kilo 104 na urefu wa mita 1.58 anapata karibu 42. Kuanzia 30 tunaita unene uliopitiliza. Kuanzia mwaka 1991 kigezo kilikuwa 40, au 35 ukiwa na ugonjwa unaotokana na unene kama kisukari au presha, ila mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vikashusha: 35 hata kama huna ugonjwa mwingine, na 30 ukiwa na kisukari au ugonjwa mwingine unaoletwa na unene.

Kwahiyo dada mwenye kilo 72 anayetaka kiuno cha kwenye picha, huu sio upasuaji wako.

Hatua ya kwanza ni kupanda basi kwenda Dar?

Hapana. Hatua ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu na wewe au hospitali ya wilaya. Upimwe uzito, urefu, presha, sukari, ufunguliwe faili. Kutoka hapo unapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Ligula kwa watu wa Mtwara au Sokoine kwa watu wa Lindi, na pia tunayo hospitali ya kanda hapa Mtwara. Ukienda na rufaa na kumbukumbu zako za miezi kadhaa, daktari wa upasuaji ana kitu cha kusoma. Ukienda mikono mitupu ukiwa na sukari 18 na presha 190 kwa 110 anakurudisha, na ana haki, kidonda cha mtu mwenye sukari ya juu hakifungi vizuri na kinaingia wadudu, na usingizi wa upasuaji kwa presha ya namna hiyo ni hatari.

Ukipimwa presha na mkono wako ni mnene, omba kile kitambaa kikubwa cha kufunga mkononi. Kidogo kinabana na kinasoma juu kuliko ilivyo. Usione aibu kuomba, ni haki yako, na sisi wahudumu tuache uvivu wa kutumia kilekile kwa kila mtu.

Nimesikia ukifanyiwa kisukari kinaondoka. Si bora niache dawa saivi maana nitapona?

Hapana. Hapana kabisa. Ni kweli watu wengi sukari inashuka baada ya upasuaji, kwa wengine ndani ya wiki chache tu, na dawa zinapunguzwa au zinaachwa. Lakini zinapunguzwa BAADA, na anayepunguza ni daktari akiwa ameona vipimo. Saivi hujafanyiwa kitu. Mwili wako ni uleule, sukari ni ileile, na mishipa ya macho, figo na miguu inaendelea kuharibika kila siku unayokaa bila dawa.

Nikuonyeshe ninachokiona. Mama anafungua mkoba, anatoa kadi ya kliniki, tarehe ya mwisho imeandikwa mwezi wa nne, na sisi tuko mwezi wa tisa. Chini ya mkoba kuna pakiti ya metformini, dawa ya sukari, haijafunguliwa na ya amlodipini, dawa ya presha, imebaki nusu. Namuuliza mama vipi hizi, ananijibu, "Nesi, mi naenda kukatwa tumbo, sitaki kujaza madawa mwilini." Kidole gumba cha mguu kina kidonda cheusi, hakijui, kwasababu miguu imeshakufa ganzi. Mtu huyu alikuwa wa kupelekwa kufanyiwa upasuaji wa kupungua, sasa tunahangaika kuuokoa mguu.

Upasuaji unaoutaka unahitaji sukari iliyotulia, na sukari haitulii bila dawa. Ukiacha dawa unausogeza mbali.

Lakini presha yangu haina dalili, kichwa hakiniumi, kwanini ninywe?

Presha haipigi hodi. Wengi wanaletwa na stroku na hawajawahi kuumwa kichwa. Kukosa dalili sio kupona. Dawa ndio inaishikilia presha isipande. Usiache. Na kama inakuletea shida, miguu kuvimba, kikohozi kikavu, nguvu za kiume, njoo useme tubadilishe, zipo aina nyingi.

Na ikitokea mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki, huyo hajarushiwa kitu. Msimpeleke kwa mganga kwanza. Kila mara tunaletewa mtu ameshalala huko siku mbili tatu na ubongo umeshaharibika. Bajaji, bodaboda, chochote, hospitali saa hiyohiyo.

Wakati nasubiri naweza kunywa chai ya kukata tumbo?

Naomba usinywe. Hizi chai na vidonge vinavyouzwa kwenye simu na stendi, nyingi zina majani ya sena, ni dawa ya kuharisha tu. Unapungua maji na chumvi, mafuta yako yapo palepale, na madini ya potasiamu yakishuka moyo unapiga hovyo. Nyingine nchi mbalimbali wamezipima wakakuta zimechanganywa sibutramini kimyakimya, dawa ambayo Ulaya na Marekani iliondolewa sokoni mwaka 2010 kwasababu ya stroku na shambulio la moyo. Sasa piga picha mtu ana presha, ameacha amlodipini, anakunywa hicho kitu asubuhi na jioni.

Na mabinti mliokuwa mnameza deksa na pilitoni ili mnenepe, semeni. Hatuwagombezi. Kama umemeza deksa muda mrefu usiikate ghafla peke yako, mwili unaweza kuzimia, tunaishusha taratibu.

Nasubiri msimu wa korosho ndio nianze, saivi sina hela.

Hili nalisikia kuanzia mwezi wa pili mpaka minada inafunguliwa mwezi wa kumi. Sikiliza kaka, sikiliza shangazi, hela ya korosho subiri kwa ajili ya upasuaji, sio kwa ajili ya kuanza. Kupima uzito, kupima presha, kurudi kwenye dawa, kupunguza soda, hivyo havingojei mnada. Na hospitali yoyote nzuri itataka kuona umejaribu na umefuatiliwa kabla ya kukupanga, kwahiyo miezi hiyo unayokaa nyumbani ndio miezi ambayo ungekuwa unaandikwa kwenye faili.

Wapo walioenda mbali zaidi wakauza korosho kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, zikiwa bado mtini, wakaenda Dar na bei ya hasara, wakarudishwa kwa sukari. Inaniuma sana hii. Hela imeenda, dawa hawanywi, mwili uleule.

Kabla hujauza chochote uliza kwanza hospitali husika gharama yote ni kiasi gani, na kama una bima uliza inalipa nini na hailipi nini, upewe kwa maandishi.

Nitapimwa nini na nini?

Damu, figo, ini, sukari ya wastani wa miezi 3 (madaktari wengi wanataka isizidi asilimia 8), moyo, altrasaundi ya tumbo, mara nyingi na kamera ya kuangalia vidonda vya tumbo na wadudu wake. Wanawake kipimo cha mimba. Utaongea na mtu wa lishe na mtu wa afya ya akili, usikasirike, hawasemi wewe ni kichaa, wanataka kujua kama unakula kwa msongo.

Njoo na mwenza wako au mtu mnayelala chumba kimoja. Yeye ndio anajua kama unakoroma alafu unakata pumzi kabisa kisha unashtuka. Daktari wa usingizi wa upasuaji lazima ajue hilo kabla.

Sigara iache angalau wiki 6 kabla. Na wiki 2 za mwisho utapewa chakula kidogo maalumu ili ini lisinyae, daktari apate nafasi ya kupita. Hapo ndipo dawa za sukari zinaweza kupunguzwa dozi, maana ukinywa glibenklamidi na hujala sukari inadondoka unazimia. Anayepunguza ni daktari. Sio wewe, sio jirani, sio dada wa duka la dawa.

Magoti yananiua, nameza diklofenaki kila siku.

Acha kuzinunua kiholela. Zinapandisha presha, zinaumiza figo, zinatoboa tumbo, na baada ya upasuaji ule wa kuunganisha utumbo hazitakiwi kabisa. Paracetamol kwa dozi sahihi, mazoezi ya kiti, na kilo zikipungua hata 5 goti litakwambia.

Kwani chakula gani niache saivi?

Sikwambii uache chakula chetu. Ming'oko, samaki, pweza, mboga za majani, kunde, vyote vyako. Tatizo ni bonge la ugali wa muhogo na kipande kimoja cha samaki, wali wa nazi usiku saa nne, soda mbili kwa siku, na vitumbua vya asubuhi vinavyoogelea kwenye mafuta. Geuza sahani, mboga na samaki viwe vingi, ugali uwe ngumi moja. Anza kutafuna taratibu na kutokunywa maji katikati ya chakula, kwasababu baada ya upasuaji ndio maisha yako.

Ndugu wanasema nikipungua watu watadhani nina ngoma.

Wataongea, ndio. Wakati wa unyago na harusi watakuangalia. Lakini hao hawatakubeba ukipooza. Pima VVU kabla kama kipimo kingine chochote, majibu unayo mwenyewe, basi.

Nikishafanyiwa nimemaliza?

Hapana, vitamini na madini ni maisha yote: B12, chuma, kalisi, vitamini D. Ukiacha unapata upungufu wa damu na ganzi za miguu. Usibebe mimba miezi 12 mpaka 18, panga uzazi mapema maana mwili ukipungua mimba inashika kirahisi. Uraka na nipa ndio kabisa, pombe inapanda kichwani haraka kuliko zamani na wengine wanakuwa walevi ambao hawakuwa. Na ukirudi huku kusini uendelee na kliniki, Dar ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, daktari aliyekupasua hatakuona kila wiki. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, mguu mmoja kuvimba au kubanwa pumzi wiki za mwanzo, hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Mimi nimeshaacha dawa miezi mitatu na najisikia vizuri tu. Naogopa kurudi mtanigombeza.

Rudi. Rudi kesho asubuhi, hata kama sio tarehe yako. Usianze kumeza dozi mbilimbili ili kufidia, na usirudie insulini ya zamani kwa kukisia, tukupime kwanza. Njoo na mfuko wenye kila kitu unachomeza, dawa za kliniki, chai, mizizi, vile vidonge ulivyopewa na shoga yako, vyote tuviweke mezani. Na kama mguuni kuna kidonda, hata kidogo kama cha kuumwa na mbu, vua viatu ukifika mapokezi useme.