Mwongozaji huru wa filamu fupi: maana yake na njia anayopitia

Mwongozaji huru wa filamu fupi ni yule anayeongoza filamu zake bila kuajiriwa na studio wala kituo cha televisheni. Fedha anazitafuta mwenyewe, na neno la mwisho kwenye uhariri ni lake. Ufupi nao una mipaka: tuzo za Oscar hupokea filamu isiyozidi dakika 40 pamoja na orodha ya majina ya walioitengeneza, ilhali shindano la filamu fupi la tamasha la Cannes, Ufaransa, huishia dakika 15.

Kazi hii haina ngazi za vyeo. Wengi huanzia kwenye filamu za wenzao, wakiwa wasaidizi wa mwongozaji au wahariri, kisha hutengeneza ya kwanza kwa kilichopo: waigizaji wawili watatu, eneo moja, skripti ya kurasa 8 hadi 10. Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja, na kikosi kidogo hupiga kurasa 3 hadi 5 kwa siku. Anayebana kurasa 10 ndani ya siku moja hugundua kwenye uhariri kwamba shoti alizozihitaji hazikupigwa.

Sauti ndiyo inayowaumbua wageni. Picha yenye giza kidogo mtazamaji huivumilia. Mazungumzo yasiyosikika, hapana. Kabla ya kuhama eneo, wote wanyamaze na kinasa sauti kichukue sekunde 30 hadi 60 za ukimya wa mahali hapo, maana bila ukimya huo wa kujazia nafasi kwenye uhariri kila mkato wa mazungumzo utasikika. Wimbo nao unahitaji vibali viwili vya maandishi, cha mtunzi na cha mwenye rekodi. Kimoja kikikosekana, filamu nzuri hubaki kabatini.

Kisha huja matamasha ya filamu. Baadhi hudai filamu isiyowahi kuoneshwa, kwa hiyo kuipandisha mtandaoni mapema ni kujifungia mlango. Ada za kuwasilisha zipangiwe bajeti tangu mwanzo. Filamu ya dakika 10 hupangiwa nafasi kwa urahisi kuliko ya 25.

Kuhusu kipato, tusidanganyane: filamu fupi kwa kawaida hairudishi gharama. Wanaodumu hula kwa matangazo ya biashara, video za muziki na uhariri. Faida yake hasa ni kukutana na watayarishaji, na swali lao baada ya kuipenda filamu huwa “una nini kingine?” Hapo skripti ya filamu ndefu iwe tayari imeandikwa.