Ndege ya kivita "isiyoonekana" na rada: maana yake hasa

Ubishi wa vijiweni kuhusu ndege za kivita za Marekani na za Urusi kwa kawaida huishia kwenye kasi. Mmoja atasema Su-35 ya Urusi inafika Mach 2.25 (Mach 1 ni kasi ya sauti) wakati F-35 ya Marekani inagota Mach 1.6, basi kesi imekwisha. Namba hizo ni sahihi, ila zinapima kitu ambacho siku hizi hakiamui sana nani atarudi kambini. Kinachoamua zaidi ni nani kamwona mwenzake kwanza, na hapo ndipo kukwepa rada kunapoingia.

Rada hutuma mawimbi ya redio, nayo yakigonga kitu hurudi kama mwangwi. Ndege ya kukwepa rada inagongwa na mawimbi hayo kama ndege nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba umbo lake limechongwa ili mengi yarushwe pembeni badala ya kurudi yalikotoka, na mwili wake umepakwa rangi maalumu inayomeza sehemu ya yaliyobaki. Itazame F-22 ya Marekani kwenye picha: kingo za mabawa na za mkia zimelazwa kwa pembe zinazofanana, njia ya hewa ya injini imepinda ili mapanga yanayozunguka ndani yake yasionekane kutoka mbele, na makombora yamefichwa tumboni, kwa sababu kombora linaloning'inia chini ya bawa hupiga kelele kubwa kwenye rada.

Faida yake hupatikana kwa gharama kubwa kuliko watu wanavyodhani. Umbali ambao rada inakuona hufuata kipeuo cha nne cha ukubwa wa mwangwi wako. Ukipunguza mwangwi mara 16, umbali unapungua nusu tu. Ili rada iliyokuwa ikikuona kutoka kilomita 200 ikuone kwa kilomita 20, lazima upunguze mwangwi mara 10,000. Kwa hiyo hakuna ndege isiyoonekana kabisa. Kuna ndege inayoonekana ikiwa imeshakaribia mno, pengine imeshafyatua.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba hesabu za msingi zilitoka Moscow. Mwaka 1962 mwanafizikia wa Kisovyeti, Pyotr Ufimtsev, alichapisha kazi kuhusu namna mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo za vitu. Kwao haikuonwa kuwa siri ya kijeshi. Jeshi la Anga la Marekani likaitafsiri, wahandisi wa Lockheed, kampuni ya Marekani ya kuunda ndege, wakaisoma, na mwaka 1981 F-117, ndege yao ya kukwepa rada, ikaruka kwa mara ya kwanza.

Warusi wenyewe walishika njia nyingine. Su-27 ilitengenezwa iende mbali na igeuke kwa wepesi. Mwaka 1989 kwenye maonyesho ya ndege ya Le Bourget, Paris, rubani Viktor Pugachev aliinua pua ya ndege hiyo hadi ikapitiliza wima, kisha akairudisha chini bila kuanguka. Pia waliifunga kifaa kinachotafuta joto la ndege ya adui. Hiki kina faida ya pekee: kuwasha rada ni kama kuwasha kurunzi gizani, unaona lakini nawe unaonekana, ilhali kifaa cha joto hukaa kimya kikitazama. F-22, pamoja na bei yake yote, haikutoka kiwandani na kifaa hicho. Juu ya hayo, Urusi hutegemea sana rada na makombora ya ardhini, na rada za mawimbi marefu hazidanganywi kirahisi na umbo la ndege ndogo. Mnamo Machi 1999 jeshi la Yugoslavia liliangusha F-117 kwa kombora la S-125, silaha ya Kisovyeti ya miaka ya 1960.

Su-57 ndiyo jibu la Urusi kwa F-22. Iliruka mara ya kwanza Januari 2010, na inabeba makombora tumboni. Lakini matundu ya nyuma ya injini zake ni ya duara, na mbele ya kioo cha rubani kumechomoza tufe la kifaa cha joto; vyote viwili huongeza mwangwi. Kwa maoni yangu wabunifu wake walikubali ndege ionekane zaidi kidogo kwenye rada ili wabaki na wepesi na jicho la joto. Tatizo lao kubwa ni idadi. Marekani iliunda F-22 za kazi 187 kisha ikasitisha uzalishaji wake, halafu ikageukia F-35, ambazo zimeshapita 1,000. Su-57 bado ni za kuhesabu kwa makumi.

Karibu na sisi, Uganda ilinunua ndege sita za Urusi aina ya Su-30MK2, zilizofika mwaka 2011 na 2012. Hizo hazikukusudiwa kukwepa rada: zina mikia miwili iliyosimama wima, na makombora yananing'inia nje. Afrika Mashariki hakuna anayemiliki ndege ya kukwepa rada, kwa hiyo hapa umbali wa kuruka na uzito wa silaha bado vina maana zaidi kuliko huko Ulaya.