Misuli na Figo Katika Mbio Ndefu: Mambo Ambayo Mkimbiaji Anapaswa Kuyajua

Makundi ya wakimbiaji yanayoonekana alfajiri Coco Beach na kwenye Daraja la Tanzanite yanatufurahisha sisi tunaohudumia wagonjwa wa figo, kwa sababu mazoezi ya mara kwa mara husaidia kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, maradhi ambayo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kushindwa kufanya kazi. Hata hivyo, kukimbia kilomita tano kila asubuhi na kukimbia kilomita 42.195 kwa mfululizo ni mambo mawili tofauti kwa mwili, na tofauti hiyo inastahili kuelezwa kabla mtu hajajiandikisha kwa marathoni yake ya kwanza.

Katika mbio ndefu, nyuzi za misuli huvutwa na kukazwa maelfu ya mara, na baadhi yake huchanika, hasa mkimbiaji anapoteremka mlima, kwa kuwa hapo msuli wa paja hulazimika kukaza huku ukirefushwa. Uharibifu mdogo wa aina hii ni wa kawaida, na ndio huchangia maumivu ya siku ya pili na ya tatu. Uharibifu ukiwa mkubwa, chembe za misuli hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Miongoni mwavyo ni potasiamu, ambayo ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, pamoja na mayoglobini, protini nyekundu inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli. Figo huichuja mayoglobini, lakini inapokuwa nyingi na mkojo ukiwa mchache, hugandamana ndani ya mirija midogo ya figo na kuiziba, na wakati huohuo huzidhuru chembe za mirija hiyo. Madaktari walilieleza tatizo hili kwa kina mwaka 1941 mjini London, walipowahudumia watu waliofukiwa na vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu, ambao waliokolewa wakiwa hai kisha figo zao zikashindwa siku chache baadaye.

Figo zenyewe huingia katika mbio zikiwa zimepunguziwa damu. Mtu akiwa ametulia, figo hupokea takriban robo hadi moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, lakini anapokimbia kwa nguvu, mwili huielekeza damu kwenye misuli na ngozi, nazo figo hupata kidogo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima wakimbiaji 22 wa Marathoni ya Hartford ya mwaka 2015: mara baada ya mbio, asilimia 82 walikuwa na jeraha la figo la hatua ya kwanza au ya pili kati ya hatua tatu, ingawa vipimo vilirejea katika hali nzuri ndani ya siku mbili. Kundi hilo lilikuwa dogo, lakini linaonyesha kwamba figo ya mtu mwenye afya huchoshwa na mbio hizo na kwa kawaida hupona.

Swali muhimu, basi, ni nini huzuia figo kupona. Hapa Dar es Salaam ningeanza na joto lenye unyevu. Jasho huupoza mwili pale tu linapokauka kwenye ngozi, na katika hewa ya pwani, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, jasho hutiririka bila kukauka, hivyo mkimbiaji hupoteza maji mengi huku joto lake likiendelea kupanda. Mtu aliyefanya mazoezi yake katika baridi ya nyanda za juu anahitaji siku kadhaa za kuzoea kabla ya kukimbia huku kwa kasi yake ya kawaida.

Linalonisikitisha zaidi ni dawa za maumivu, kwa kuwa madhara yake yanaepukika kabisa. Wapo wanaomeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ili magoti yasiwasumbue. Dawa hizi huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali zinazoipanua mishipa ya figo damu inapopungua, na kwa hiyo huiondolea figo kinga yake wakati inapoihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Zisitumike kabla ya mbio wala wakati wa mbio, na baada ya mbio zisitumike mpaka mtu awe amekunywa, amekula na anakojoa vizuri. Vilevile, mwenye homa au anayeharisha aahirishe mbio.

Kunywa maji kupita kiasi nako kuna hatari yake. Katika Marathoni ya Boston ya mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, yaani chumvi ya damu ambayo maji mengi huizimua, na waliokunywa hadi uzito wao ukaongezeka walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Kiu ni kiongozi mzuri kwa wengi.

Dalili ya kuangaliwa kwa siku mbili au tatu baada ya mbio ni mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea, hasa ukiambatana na misuli iliyovimba, udhaifu au mkojo kupungua. Katika mazingira yetu dalili hii hudhaniwa haraka kuwa ni kichocho, malaria au maambukizi ya njia ya mkojo, na mgonjwa huishia kununua antibiotiki duka la dawa. Afike hospitali siku hiyohiyo na aeleze kwamba alikimbia. Kipimo cha kijiti kinachochovywa kwenye mkojo kikionyesha damu ilhali hadubini haioni chembe nyekundu, daktari atafikiria mayoglobini, kisha atapima kreatinini (taka ya mwili inayoonyesha jinsi figo zinavyochuja), potasiamu na kimeng'enya cha misuli kiitwacho kreatini kinesi. Akiwahi, mara nyingi dripu hutosha, lakini akichelewa huenda akahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Wakati akisubiri vipimo asinywe madafu, kwa kuwa yana potasiamu nyingi. Aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu, ambao ni wengi nchini na baadhi yao hawajijui, amweleze daktari mapema, kwa sababu misuli yake huweza kuharibika kwa urahisi zaidi katika juhudi kubwa kwenye joto, na hata baada ya kupona arejee mazoezini taratibu, chini ya uangalizi.